Matundu Manne ya Tela la Baba

Nyumbani,
Chumba cha nyuma,
Jumapili, 16 Novemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Cherehani,

Pokea salamu zetu sote wa hapa nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na huyo mpwa wangu ambaye kwenye picha ya mwisho alikuwa na meno mawili na sasa nadhani anauma watu. Kifua chako kimepona? Mama ameniagiza niulize hilo kabla ya jingine lolote. Anasema pia uvae nguo nzito na usijifanye mwenyeji wa baridi.

Sisi hatujambo. Magoti ya Mama ni yaleyale, asubuhi yanagoma, mchana yanakubali. Mimi bado nipo stoo ya hospitali, nahesabu mashuka na glavu. Baba ni mzima, na habari zake ndizo zitakazojaza barua hii, kwa hiyo jipikie chai kabisa kabla hujaendelea.

Tangu mwezi wa sita umekuwa ukinipigia simu na swali moja: tela jipya la boti limepatikana? Nami kila mara nikajibu kwamba bado nachunguza. Mwezi uliopita ulinikatia simu, na ulikuwa na haki. Juzi yake ulikuwa umeongea na Baba, akakwambia mikono yake imemwaibisha na kwamba mashine yake ya kuchomelea atampa Spana, yule mwanafunzi wake wa zamani, mwisho wa mwezi. Ulilia. Uliniambia hujawahi kumsikia akiongea kama mtu anayegawa vitu vyake. Mimi nilinyamaza, ukadhani sijali. Ukweli ni kwamba siku ile nilikuwa nimeshajua jambo ambalo sikuwa na ujasiri wa kulitamka. Sasa nimeshalitamka mara moja, mbele ya Baba mwenyewe, kwa hiyo kukuandikia wewe ni kazi nyepesi.

Nianze na siku tela la zamani lilipokatika, maana tulikueleza nusu tu. Kwenye shajara yangu ya Jumamosi, 14 Juni, kuna sentensi mbili: "Tela limekatika. Hakuna aliyeumia." Nikaishia hapo. Tulikuwa tumetoka ng'ambo ya maji, Baba alikokwenda kuchomelea ngazi ya gati. Alikuwa kwenye usukani wa pikapu, anavuta tela na boti juu yake kupanda ule mteremko wa zege. Mimi nilikuwa nyuma, maji yananifika magotini, nasukuma kwa mazoea tu, maana unajua kusukuma kwangu hakusaidii kitu. Nikasikia mlio kama wa kuni kavu. Mkono wa tela, ule unaofungwa kwenye pikapu, ukakatika, na tela zima likarudi majini na boti yake. Lilinipita kwa upana wa kiganja.

Baba alikuwa ameona yote kwenye kioo. Alishuka mbio akanipapasa mikono na miguu kama mtoto aliyeanguka kutoka kitandani. Alipohakikisha sijavunjika popote akaenda kutazama pale palipokatika. Palikuwa kando kabisa ya mshono wake wa kuchomelea, pamejaa tope na kutu. Akasema neno ambalo Mama hajalijua mpaka leo.

"Mshono wangu umeachia. Ungekufa kwa mkono wangu."

Kuanzia siku hiyo hakugusa tena chuma. Tela alilifunika turubai nyuma ya nyumba, tukasaidiana kuipandisha boti juu ya magogo. Watu wa ng'ambo wakipiga simu kuhusu kizuizi cha gati kilichong'oka au lango lililolegea, anawaambia fundi amestaafu. Miaka arobaini amechomelea, Cherehani, na hujawahi kusikia mtu amerudisha kazi yake. Mama akaniambia jikoni, kwa sauti ya chini, kwamba baba yetu anakaa nyumbani kama mgeni anayengoja gari.

Ndiyo maana nilifikiri dawa ni tela jipya. Boti ikirudi majini, na yeye atarudi. Hata wewe ulifikiri hivyo.

Unakumbuka lile tela lilivyozaliwa? Ulikuwa na miaka tisa, mimi kumi na minne. Jengo moja la kiwanda alichofanyia kazi lilikuwa linabomolewa, Baba akarudi na mabomba mazito ya zamani, mengine marefu kuliko ua wetu, ikabidi yaingizwe kwa kupitia kwa jirani. Kila jioni akitoka kazini alikuwa anakula amesimama, kisha anavaa ile kofia ya chuma yenye kioo cheusi na kutuamuru tugeuze uso. Sisi tulikuwa tunatazama vivuli vyetu vikirukaruka ukutani. Wewe ulikuwa unasema tela linapigwa picha. Lilipokwisha alilipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye lango la kiwanda, na kwa wiki nzima hakuna aliyeruhusiwa kuegemea.

Na ile kazi ya Jumamosi? Boti ikitoka majini, kabla hatujala, tela linaoshwa kwa maji ya bomba, ndoo kumi na mbili kamili, ili chumvi itoke. Mimi nilikuwa nachota, Baba anamwaga, wewe unahesabu kwa sauti. Ukifika tisa ulikuwa unaruka moja kwa moja hadi kumi na mbili kwa sababu ya njaa. Baba alikuwa anajua. Alikuwa anasema shule yenu ina hesabu za ajabu, kisha anamwaga mbili zilizobaki bila kukugombeza. Kila Agosti, shule zikifungwa, tulikuwa tunalikwangua na kulipaka upya. Harufu ya ile rangi bado naipata nikipita mlango wowote mpya pale hospitali. Nasimama bila sababu, wenzangu wanadhani nimesahau nilikokuwa nakwenda.

Basi turudi kwenye kuchagua. Unanijua, sinunui hata ufagio bila kuandika. Nilizunguka kwenye yadi tatu, nikagundua kwamba kwa maji yetu ya chumvi mtu anachagua kati ya vitu vitatu. Kuna tela la chuma kilichopakwa rangi, kama letu. Kuna tela la alumini, ambalo shemeji alilisifu sana. Na kuna la chuma kilichochovywa zima zima kwenye zinki iliyoyeyushwa, likatoka na rangi ya kijivu yenye mabaka kama ya ndoo ya bati. Kila muuzaji aliniapia kwamba lake halishiki kutu. Mmoja aliapa mara mbili, kwa la kwanza na kwa la pili, na yalikuwa matela tofauti kabisa.

Nikaamua kutowasikiliza. Niliomba vipande vya mabaki, kimoja cha kila aina, nikakifunga kila kipande na bolti ya kawaida ya chuma, kisha nikavitia kwenye makopo matatu ya maji niliyochota kwenye mteremko. Nikayapanga kwenye dirisha la jikoni. Kila Jumamosi nilikuwa navitoa, navikausha, naviangalia, naandika, navirudisha. Mama alilalamika kwamba nimegeuza jiko lake maabara. Baba hakusema neno, lakini Mama ananiambia kwamba nikishaondoka kwenda kazini alikuwa anakwenda kuyachungulia, na siku moja alimkuta amevaa miwani.

Kile chenye rangi kilianza kutoa kutu wiki ya pili, mahali bolti ilipokwangua. Alumini yenyewe haikushika kutu hata kidogo, mwambie shemeji hakukosea. Ila pale ilipogusana na bolti ya chuma ilianza kutoka unga mweupe na kulika vishimo. Kumbe vyuma viwili tofauti vikikaa pamoja kwenye chumvi, kimoja kinamla mwenzake. Mtu akiwa na bolti nzuri na vipande vya kutenganisha, alumini inafaa. Kwetu sisi, ambao tunarudishia bolti yoyote iliyopatikana kwenye kopo la Baba, ingekuwa balaa. Tena ikivunjika, mashine ya Baba haiwezi kuichomelea. Kipande cha zinki kilipauka tu.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshakata shauri mwanzoni mwa Oktoba. Tarehe 8, siku ya Jumatano, nikaenda kwa Mama Ekseli kumalizia. Huyu ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye yadi ya matela, alianza kama fundi wa matairi na mikono yake bado inaonyesha. Anachomeka penseli kwenye kilemba na kuitafuta mfukoni. Alikuwa na matela mawili ya zinki. Nikamwuliza ni lipi litadumu. Akachukua mpira wa maji, akaufungulia ndani ya bomba la tela la kwanza, akaniambia nichungulie chini. Maji yakatoka kwenye matundu ya mwisho wa bomba kwa nguvu.

"Unaona, kaka? La maji ya chumvi lazima likojoe," akasema. "Siku likiacha kukojoa, mpigie simu daktari."

Mimi nilicheka, halafu kicheko kikanikauka. Neno hilo nilikuwa nimelisikia zamani. Ulikuwa unalisema wewe. Ulikuwa umechuchumaa nyuma ya tela letu, umeshika tumbo kwa kucheka, unasema tela la Baba linajikojolea.

Nilirudi nyumbani bila kununua. Niliteremsha lile sanduku la shajara zangu za shule kutoka juu ya kabati, na nikaikuta. Nakunakilia kama ilivyo:

"Jumamosi, 9 Agosti 2003. Baba yuko safari ya kazi. Leo mimi na Cherehani tumeziba matundu yote manne chini ya tela kwa puti. Cherehani amekoroga. Tumepaka rangi juu, hayaonekani kabisa. Sasa maji ya chumvi hayataingia. Baba hatajua mpaka tela lifike miaka mia."

Sasa umekumbuka, sivyo? Baba alikuwa ametuhubiria majira yote ya likizo kwamba maji ya chumvi ni mwizi, nasi tukaona mlango ambao mwizi anaingilia. Hatukujua kwamba ule ulikuwa mlango wa kutokea. Maji yalikuwa yanaingia juu, kwenye nafasi za bolti na za waya wa taa, na Baba alikuwa ametoboa yale matundu manne kwa makusudi, sehemu ya chini kabisa ya kila bomba, ili yapate pa kutokea. Tulimzibia. Na kila Agosti iliyofuata tukapaka rangi juu yake, yeye mwenyewe akiwa ameshika brashi.

Na kilichonichoma zaidi ni hiki. Aliporudi safari ile alishangaa kwamba tela halilowanishi tena ua. Alimwambia Spana kwamba rangi ya kiwandani ni rangi ya kweli, maji yenyewe yanaiogopa. Mimi na wewe tulikuwa tumesimama mlangoni tunafinyana.

Miaka ishirini na miwili maji ya chumvi yalikaa ndani ya yale mabomba, yanakula kutokea tumboni. Kwa nje kijani kinang'aa. Mabomba mepesi yasingefika hata miaka minane.

Nilikaa na habari hiyo siku kumi na moja. Nakwambia bila kujitetea. Kila asubuhi nilikuwa naamka nikiwa nimeamua kumwambia, na kila jioni naona sababu ya kungoja. Nilijiambia kwamba ninunue tela jipya kimyakimya, atafurahi, atasahau. Siku moja niliushika ule ukurasa kwa vidole viwili, tayari kuuchana. Mimi ambaye sijawahi kuchana ukurasa wa shajara tangu kidato cha kwanza. Ndiyo siku uliyonikatia simu. Nilikuwa nakusikiliza ukilia kwamba Baba anaamini mikono yake imekwisha, huku nimeshika karatasi inayosema sivyo.

Kilichonisukuma ni Spana. Alipita kwetu Jumamosi, tarehe 18, kuuliza aje na mkokoteni siku gani kuchukua mashine, na Baba akampa kabisa na ile kofia ya kioo cheusi, akamwambia aanze nayo. Spana alitoka ameishika kwa mikono miwili kama sahani ya moto. Uso wake haukuwa wa mtu aliyepewa zawadi.

Kesho yake, Jumapili, baada ya chai, nilimwomba Baba tubaki mezani. Mama alitaka kutoa vyombo, nikamwomba naye akae. Nikafungua shajara, nikasoma. Sauti yangu ilikuwa kama ya mwanafunzi anayesoma adhabu yake mwenyewe. Nilipomaliza nilieleza habari ya Mama Ekseli na mpira wa maji, kisha nikaifunga shajara.

Baba alisukuma kikombe chake. Alinyanyuka, akatoka. Nikajua nimemwongezea aibu badala ya kumpunguzia. Kisha tukasikia turubai linavutwa huko nyuma ya nyumba.

Nilimkuta amepiga magoti kando ya tela, anapapasa chini ya bomba kwa kidole gumba, anatafuta. Alilipata tundu la kwanza kwa kukwangua na bisibisi. Puti yetu, Cherehani, ilikuwa ngumu kama jino. Uliikoroga vizuri mno. Ilipotoka, likafuata tope jeusi lenye harufu mbaya, na maganda ya kutu makubwa kama makombo ya mkate ulioungua. Akaniambia nilete msumeno wa chuma.

Tulikata kwa zamu, yeye na mimi, kwa muda wa karibu saa mbili. Alitaka ule mshono utoke mzima, na bomba pande zote mbili, upasuliwe katikati kama unavyopasua ndizi. Tulipoufungua akaufuta kwa kitambaa, akaingiza kidole. Bomba kando ya mshono lilikuwa limebaki jembamba kama mfuniko wa kopo. Mshono wenyewe ulikuwa umesimama pale, mnene, mzima, kila wimbi lake mahali pake, kama alivyouweka mwaka ule sisi tunatazama vivuli. Pale palipokatika hapakuwa kwenye mshono kabisa. Palikuwa kwenye bomba, upana wa kucha kutoka kwake.

Alikaa nao pale chini, mguu mmoja ameunyoosha, anaupitishia kidole gumba huku na huku. Sijui ni muda gani. Mama alikuwa amesimama mlangoni na taulo ya vyombo begani.

"Haukuachia," akasema.

"Haukuachia, Baba."

"Karani." Unajua akiniita hivyo nakuwa na miaka kumi na mitano papo hapo. "Siku ile ungeniambia, ningekuchapa."

"Najua, Baba."

"Na huyo Cherehani pia."

Nikamwambia wewe ulikoroga tu.

"Basi naye angepata za kukoroga," akasema, na hapo ndipo alipoanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani. Alikumbuka alivyomsifia Spana ile rangi, akacheka upya. Kisha hakuwa anacheka tena, alikuwa amejifunika uso kwa kile kitambaa cheusi cha kutu, na Mama akaja akachuchumaa karibu naye, magoti yake yale yale, bila kulalamika. Mimi niliingia ndani nikaosha vyombo.

Jioni alimpigia simu Spana. Nilimsikia akimwambia kwamba amewahi mno kurithi, arudishe kofia, na kama anataka mashine asubiri mazishi kama watu wengine. Spana aliileta ile kofia usiku huohuo, ameiosha.

Wiki iliyofuata tulikwenda kwa Mama Ekseli sisi wawili. Ningependa ungekuwepo. Baba alilala chali kwenye changarawe chini ya lile tela la kwanza, akawa anagongagonga kwa kifundo cha kidole na kutia kidole katika kila tundu. Alitaka kujua kama matundu yalitobolewa kabla ya kuchovywa kwenye zinki au baada, kwa sababu ukitoboa baadaye umeacha chuma kitupu na kutu itaanzia hapo hapo. Yalitobolewa kabla. Akataka kuona bolti. Nazo zilikuwa zimechovywa kwenye zinki. Akaenda kwenye lile la pili, ambalo halina mabomba isipokuwa mkono wa mbele. Mihimili yake iko wazi kama mfereji, unaiona yote na unaiosha yote, hakuna mahali maji yanaweza kujificha. Akalala tena chini ya hilo. Mama Ekseli alikuwa amepoteza subira.

"Mzee, unanunua tela au unaposa?"

"Ningekuwa naposa," Baba akajibu kutoka chini, "ningekuwa nimeshamaliza."

Tulichukua hilo la pili. Nilitaka kumweleza Baba matokeo ya makopo yangu, nilikuwa nimekuja na karatasi yenye jedwali, akaniambia nisijisumbue, ameyaangalia makopo hayo kila siku kwa miezi miwili.

Jana tulishusha boti. Baba ndiye aliyerudisha pikapu nyuma kwenye mteremko, polepole, na akanikataza kukaa nyuma ya tela. Alinisimamisha pembeni, mbali, juu ya nyasi, na kila mita mbili alikuwa ananitazama kwenye kioo kuhakikisha sijasogea. Nina miaka thelathini na saba. Nilisimama pale pale. Boti ilielea, akaingia humo na mashine yake na kofia yake, akavuka kwenda kumalizia ile ngazi ya gati aliyoiacha Juni. Nilibaki na tela. Lilikuwa linatiririsha maji yote kwenye zege, nami nikajikuta nalihesabia ndoo kwa sauti, peke yangu, na sikuruka hata moja.

Sasa kuhusu hicho kifurushi kizito kilichokuja na barua hii. Usiogope, na usimruhusu mtoto akiangushe mguuni. Ni kile kipande cha mshono. Baba alikikata vizuri, akakipiga tupa kwenye kingo zote kisikuchane, akakisugua siku tatu na kukipaka mafuta. Nilimwambia gharama ya posta kwa uzito huo ni kichekesho. Akasema alikwambia kwa simu kwamba mikono yake imemwaibisha, na neno kama hilo halifutwi kwa simu. Anataka ukishike kipande hicho wewe mwenyewe. Upitishe kidole ndani, upande wenye alama ya chaki, utahisi mawimbi yake.

Mimi pia nakuomba radhi, kwa kukuacha ulie peke yako upande wa pili wa simu. Nilikuwa mkubwa, puti ilikuwa wazo langu. Wewe ulikoroga tu.

Nisalimie sana shemeji, umweleze habari ya alumini taratibu asije akakasirika. Mbusu mpwa wangu kwenye mashavu yote mawili, ukijihadhari na meno. Mama anakusalimu na kukuombea, na amesema mara ya tatu sasa kuhusu nguo nzito. Spana anakusalimu. Baba anakusalimu kwa hicho kifurushi.

Mungu akulinde huko uliko, akupe afya ya kifua na usingizi wa kutosha, akuwekee njia ya kurudi tukuone.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye tangu enzi za ndoo kumi na mbili,

Karani